Mto Umeshtakiwa Tena

Chukua ripoti yoyote ya shirika la misaada kuhusu Tana River uisome kwa sauti, vile ungemsomea mtu hadithi. Ukifika ukurasa wa pili, pengine wa tatu, utakutana na sentensi ambayo mimi nimeiona mara nyingi hadi naweza kuikariri usingizini: mapigano yalizuka kati ya jamii mbili kutokana na ushindani wa maji na malisho, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Imeandikwa vizuri. Haina kosa la sarufi. Na karibu kila neno ndani yake limekalia kitu.

Nasoma ripoti hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njaa. Nimewahi kulipwa kwa ukurasa kutafsiri madodoso na mahojiano ya mashirika, na mtu akikulipa kwa ukurasa, aisee, utasoma kila ukurasa. Ya pili ni kwamba hakuna nathari nyingine inayosomwa hivi kuhusu sehemu ile ya nchi. Ni wangapi kati yetu tumesoma riwaya ambayo mambo yake yanatokea Garsen? Lakini balozi, katibu wa wizara, mfadhili aliye Geneva na mwandishi wa habari anayetafuta aya moja ya usuli wote wameisoma Garsen, na walisimuliwa na mchambuzi wa migogoro. Huyu ni mwandishi mwenye wasomaji wachache na wenye pesa. Riwaya mbovu hupata uhakiki mkali. Ripoti mbovu hupata awamu ya pili ya ufadhili.

Basi tuihakiki.

Anza na "yalizuka". Kitu kinachozuka hakina mzazi. Si ndio maana tuna mzuka, kile kinachojitokeza gizani bila mtu kujua kimetoka wapi? Mapigano ya Tana hayakutokea hivyo. Kuna aliyenoa panga, kuna aliyepanga saa, kuna aliyejua njia ya kufika kabla jua halijachomoza. Halafu "wakapoteza maisha". Simu hupotea Muthurwa. Kitambulisho hupotea ndani ya matatu. Maisha ya mtu aliyekatwa mlangoni kwake hayakupotea, yalichukuliwa, na aliyeyachukua anajijua.

Lugha yetu ina utajiri wa ajabu hapa, na ndiyo inanikera zaidi. Nyumba ziliungua: hakuna mtu kwenye sentensi. Nyumba zilichomwa: mtu yupo, ila amesimama nyuma ya pazia. Walichoma nyumba: sasa tumeanza kuongea. Kiswahili kinakupa ngazi tatu, uchague unataka kusema ukweli kiasi gani. Ripoti nyingi nilizopitia huishi kwenye ngazi mbili za kwanza.

"Jamii mbili" nayo ni Kikenya safi. Kwenye taarifa ya habari, jamii ni kabila lililovaa tai. Kila msikilizaji anajua ni nani wanaosemwa, mtangazaji anajua kwamba msikilizaji anajua, na wote wanaendelea kunywa chai. Kwenye ripoti huenda mbali zaidi: wanakuwa "wakulima" na "wafugaji", kana kwamba jembe lenyewe liliamka usiku likaenda kumpiga fimbo. Mpokomo anayefundisha shule ya msingi ni mkulima. Mworma mwenye duka la simu karibu na steji ya Garsen ni mfugaji. Wawardei wanatajwa nusu ya mara, Wamunyoyaya na Wawata karibu hawatajwi, na wavuvi Wajaluo waliofika delta miaka mingi iliyopita hawana kabisa pa kukaa kwenye jedwali la safu mbili.

Lakini neno ambalo siwezi kulivumilia ni moja: walengwa. Ndivyo mashirika yanavyowaita wanaopokea msaada. Walengwa wa mradi. Walengwa 400 wamepewa blanketi. Sijui nani alilitafsiri kwanza, pengine alikuwa na haraka kama mimi. Nenda basi ulitamke mbele ya mama ambaye mwaka 2012 alilengwa kweli, kwa bunduki, halafu umwambie ajisajili kwenye orodha ya walengwa. Anajisajili, kwa sababu anahitaji blanketi. Hilo halimaanishi hakusikia.

Sasa mambo yenyewe, juu wasomaji wengi wa hapa walikuwa shule wakati ule.

Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Waorma kiitwacho Riketa, eneo la Tarasaa, kilishambuliwa na wanaume Wapokomo. Hesabu ya kwanza ya polisi ilikuwa watu 48: wanawake 31, watoto 11, wanaume 6. Baadaye ikapita 50. Tarehe 7 Septemba, Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo, kilishambuliwa na Waorma. Siku tatu baadaye ikawa Kilelengwani, na huko hata polisi waliuawa. Tarehe 21 Desemba ikawa zamu ya Kipao, Waorma, wakafa zaidi ya 30. Kufikia Januari 2013, waliokufa tangu Agosti walikuwa zaidi ya 150, na nchi ilikuwa tayari inaangalia kampeni.

Irudie hesabu ya Riketa kama msomaji wa hadithi. Wanawake 31, watoto 11, wanaume 6. Mapigano gani haya? Mpigane anakuwa nani? Namba zenyewe zinalikataa neno lililowekwa juu yake, na zote mbili, namba na neno, zinaweza kukaa kwenye aya moja bila mwandishi kushtuka. Hapo ndipo uhakiki una kazi. Ripoti hizi zina ukweli mwingi sana kwenye majedwali, kisha sentensi zinakuja kuukanusha.

Halafu tarehe. Uandikishaji wa wapiga kura kwa uchaguzi wa Machi 2013 ulianza 19 Novemba 2012 ukafungwa 18 Desemba. Kipao ilishambuliwa 21 Desemba. Sisemi moja lilizaa lingine. Sina ushahidi huo na sitajifanya ninao. Ninachosema ni kwamba huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa kaunti, gavana kilikuwa kiti kipya kabisa, na kwenye kaunti yenye hesabu ya kura inayokaribiana, kijiji kilichohama ni kura zilizohama. Mchambuzi yeyote aliyekaa Garsen wiki mbili analijua hili. Kwenye ripoti linageuka "mambo ya kisiasa pia yalichangia", sentensi moja, baada ya kurasa nne za mvua.

Kurasa nne za mvua! Hapo ndipo nataka kukaa.

Kuna ripoti ya zamani kuhusu Tana River ambayo naiona kama babu wa hizi zote. Hola ni makao makuu ya kaunti, ukipanda na mto kutoka Garsen. Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya kizuizi ya Hola, wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wamekataa kazi ya lazima walipelekwa kuchimba kwenye mradi wa umwagiliaji, na askari wa kambi wakawapiga mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema nini? Kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni.

Maji, bana. Watu wamevunjwa mifupa, na mshtakiwa wa kwanza ni maji.

Uchunguzi wa hakimu ulipofanyika ikaonekana ni kipigo. Jambo likafika bunge la Uingereza, na Julai mwaka huo Enoch Powell, yule yule ambaye baadaye angejulikana kwa chuki yake dhidi ya wahamiaji, akasimama kuilaumu serikali ya chama chake mwenyewe. Na bado hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Silinganishi shirika linaloleta unga na serikali iliyoua. Taarifa ya 1959 ilikuwa uongo wa kujikinga. Ripoti za leo si uongo; maji na malisho kweli yamo ndani ya kisa, na ukimuuliza mtu yeyote Tarasaa atakuambia hivyo kabla hujamaliza swali. Ninachoona ni mtindo uliorithiwa. Mtu akiandika kuhusu Tana na hataki kumtaja mtu, kalamu inateleza yenyewe hadi mtoni. Mto haukatai mahojiano. Mto hauna wakili.

Na hata ukiamua kuushtaki, basi shtaki mto wote. Kwenye ramani za ripoti nyingi, Tana inaingia juu ya ukurasa karibu na Garissa, kana kwamba imemwagwa hapo na ndoo. Inatoka Mlima Kenya na Aberdare. Kabla ifike kwa Mworma au Mpokomo yeyote, imepita mabwawa matano: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981, Kiambere la 1988. Huko juu zaidi kuna Ndakaini, kwenye mto Thika unaoingia Tana, ambako Nairobi inachota sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Huko chini, mafuriko ya kiasi, yanayokuja kwa wakati wake, ndiyo yanayomwagilia mpunga wa Wapokomo na ndiyo yanayootesha nyasi za ng'ombe wa Waorma baada ya maji kushuka. Wote wawili wanategemea mdundo mmoja, na mdundo huo unashikiliwa na watu wanaofungua na kufunga milango ya zege mamia ya kilomita mbali. "Uhaba wa rasilimali," inasema ripoti. Uhaba uliotengenezwa na nani, ili nani awashe taa? Mimi naandika haya chini ya taa hiyo. Kwenye jedwali la wadau sijawahi kujiona.

Ardhi nayo imekatwa hivyo hivyo. TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ilipewa maelfu ya hekta ndani ya delta, ikafanya mradi wa mpunga ambao matuta yake yalivunjwa na El Niño ya 1997 na 1998. Mwaka 2001 zoezi la serikali la kupima na kugawa ardhi liliwasha vita vingine kati ya hao hao, watu wakafa, na vita vya 2012 vikaja kuwashangaza waliopaswa kukumbuka. Katikati ya hapo kulikuwa na mpango wa miwa wa TARDA na Mumias, habari za Qatar kutaka hekta 40,000 za kulimia chakula, na kampuni ya Kanada, Bedford Biofuels, iliyokodi ranchi ili ipande mibono ya mafuta kisha ikaondoka. Septemba 2012, mwezi ule ule wa Chamwanamuma na Kilelengwani, hekta 163,600 za delta ziliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Fikiria umekaa kijijini unasikia haya yote. Sukari inakuja, Waarabu wanakuja, dizeli ya mmea inakuja, ndege wa kuhamahama wamepata hifadhi. Kila mtu duniani ana mpango na ardhi yako, na wewe huna hati. Jirani yako ndiye wa pekee unayeweza kumfikia.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo uchambuzi wa mgogoro, kama mtu angeniuliza. Kwenye ripoti, kampuni hizi hutokea kwenye maelezo ya chini ya ukurasa zikitokea popote.

Sasa nimtetee mchambuzi, kwa sababu anastahili. Mara nyingi ni kijana wa rika letu, ana shahada ya pili ya masuala ya amani au maendeleo, ana mkataba wa miezi mitatu au sita na tangazo la kazi lililomtaka aweze kufanya kazi chini ya shinikizo. Akitaja mwanasiasa kwa jina, gari la shirika linaweza kuzuiwa. Lori la unga lazima lipite kizuizi cha polisi Minjila, na wanaosimama pale ni serikali ile ile ambayo ripoti inapaswa kuilaumu kwa kufika ikiwa imechelewa. Akitaja kijiji kilichoficha silaha, mtu aliyemwambia atajulikana kabla ya jioni, Garsen si Nairobi. Maneno laini yana sababu. Kuna siku neno "mapigano yalizuka" limemruhusu muuguzi kuvuka upande wa pili. Mimi sikuwa kwenye lori hilo, na ni rahisi kudai ukweli mkali ukiwa kwa dawati.

Ila kuna tofauti kati ya kuficha jina la mtu na kuficha kitenzi. Unaweza kumlinda shahidi na bado ukaandika "walichoma". Na ukimya wenyewe haugawanywi sawa, hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Angalia ni nani anayeelezwa kwa undani: mila za Waorma za ng'ombe, umri wa moran, mahari, baraza la Gasa la Wapokomo na viapo vyake. Elimu yote ya jamii na tamaduni imemwagwa kwa maskini. Wizara ya ardhi haina mila? Kampuni ya sukari haina viapo? Hakuna mchambuzi aliyewahi kutuandikia aya kuhusu desturi za ajabu za maofisa wanaotoa hati miliki baada ya saa kumi na moja jioni.

Rafiki yangu alifanya kazi hii kwa shirika ambalo halina haja ya kutajwa. Kila jioni alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti akiwa nje ya nyumba ya wageni, jenereta inanguruma nyuma. Nakuambia, zile sauti ndizo ripoti. Zina nani alisema nini, zina mpangilio wa matukio, zina shaka ("huyu mzee namuamini lakini shamba la mtoto wake liko hapo hapo kwenye njia"), zina vicheko. Kuna moja kuhusu malka. Malka ni njia na mahali pa ng'ombe kushukia mtoni. Waorma wana majina ya kila moja, na wakulima wa miaka mingi wanayajua pia. Alikuwa ameambiwa malka tatu zimezibwa na mashamba mapya, akaenda kuziona kwa boda boda, akaandika zilipo, na akaandika kwamba wazee wa pande zote mbili wanakubaliana zilipita wapi. Wanabishana tu kuhusu upana.

Rasimu ikaenda makao makuu. Iliporudi, sentensi ilikuwa inasema: upatikanaji wa maji kwa jamii za wafugaji umepungua.

Ilinganishe. Malka ina jina, ina mahali, ina upana wa hatua kadhaa ambazo watu wawili wanaweza kwenda kuzipima wakirushiana maneno. Unaweza kuifungua Jumanne. "Upatikanaji" hauwezi kufunguliwa na mtu. Hakuna mzee anayeweza kusimama mbele ya upatikanaji, achomeke fimbo ardhini, aseme ni hapa. Kwa neno moja la ofisi, jambo ambalo lingetatuliwa na baraza la wazee na siku mbili za kufyeka limegeuzwa tatizo la mabadiliko ya tabianchi, na tabianchi inahitaji mradi wa miaka mitano.

Hili si suala la mtindo tu. Mwaka 1999 Mary B. Anderson alichapisha *Do No Harm*, kitabu ambacho karibu kila mchambuzi wa migogoro amefundishwa nacho, na hoja yake ya msingi ni nyepesi: msaada hauingii mahali patupu. Unaingia kwenye ugomvi, na utaupoza au utauchochea. Chukua kisima. Ripoti imesema upatikanaji wa maji umepungua, kwa hiyo shirika linachimba kisima, mbali na mto, kwenye malisho ya kiangazi. Maji yakitoka, watu wanajenga. Wakijenga, wanataka shule. Shule ikisimama, mwaka wa uchaguzi inakuwa kituo cha kupigia kura. Kituo kikiwa kwenye orodha, mahali pamepata jina na mwenyewe, na wale waliokuwa wakipita hapo na ng'ombe au kulima ukingo wake wameamka wageni. Kumbe ripoti ingesema "malka tatu zimezibwa", pesa ile ile ingelipa fidia ya mashamba matatu. Kati ya neno na neno hapo kuna kijiji.

Zana zenyewe za kazi zinasaidia kupotea. Kuna ule mti wa mgogoro, unaochorwa kwenye karatasi kubwa ukutani semina ikifanyika: mizizi ni sababu, shina ni tatizo, matawi ni matokeo. Nimeuona ukichorwa. Kwenye mizizi watu huandika umaskini, ukame, ukosefu wa elimu. Kwenye matawi, vifo na wakimbizi wa ndani. Ni mchoro mzuri, na ni mchoro wa kitu kinachoota chenyewe. Karatasi haina nafasi ya aliyepanda, aliyemwagilia na anayekuja kuvuna mwaka wa uchaguzi. Kuna zana nyingine ya kumenya kitunguu, ganda la nje ni wanachosema watu, katikati ni wanachohitaji hasa. Hii naipenda zaidi, angalau inakubali kwamba mtu anaweza kukudanganya.

Dodoso nalo lina vituko vyake. Swali la kawaida: je, kuna mgogoro katika jamii yako? Kwa Kiswahili hicho cha semina. Mgogoro ni wa mipaka ya shamba, wa uongozi wa msikiti au kanisa, wa mume na mke. Kwenye nakala moja niliyotafsiri, mama alijibu: hapana, hapa hakuna mgogoro, hapa kulikuwa na vita. Mwuliza maswali alitia alama kwenye "hapana". Nilipoona nikaandika maelezo pembeni, sijui kama kuna aliyeyasoma.

Na mapendekezo, Mungu wangu. Kuimarisha mazungumzo. Kuwajengea uwezo viongozi wa amani, vijana na wanawake. Kuhamasisha. Utafiti zaidi unahitajika. Ukibadilisha Garsen uweke Baragoi au Marsabit, hakuna kitakachoanguka. Hiyo ndiyo ishara ya uhakika kwamba mwandishi hakufika kwenye mahali pake, hata kama miguu yake ilifika: mwisho wa hadithi unaoweza kubandikwa kwenye hadithi nyingine yoyote.

Je, ipo nathari nyingine kuhusu delta inayofanya kazi ambayo ripoti zinakwepa? Ipo, na kama kawaida iko mahali ambapo hakuna anayetafuta nathari. Februari 2013, damu ya Kipao ikiwa haijakauka vizuri, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi kwenye kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta dhidi ya Mwanasheria Mkuu na taasisi kadhaa za serikali, TARDA ikiwemo. Walikuwa wanalalamikia namna ardhi na maji yao yalivyopangiwa matumizi bila wao. Mahakama ikaamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itengenezwe pamoja na wanaoishi pale.

Nimeisoma mara mbili. Si tamu, ina vifungu na vifungu vidogo na Kiingereza kinachotembea na mkongojo. Lakini mahakama ina adabu moja ambayo ripoti haina: haiwezi kuanza mpaka iseme nani amemfanyia nani nini, lini, kwa mamlaka ya karatasi gani. Haiwezi kuandika "ilizuka". Ripoti ina wadau, yaani wenye dau, wote wamekaa mezani wakitabasamu na majina kifuani. Hukumu ina wadai na wadaiwa. Kwenye ripoti, mkazi wa delta ni mlengwa. Kwenye hukumu ile yeye ndiye aliyefungua faili na serikali ndiyo inayojibu.

Haijamaliza mambo, usinielewe vibaya. Hati bado ni vita, mto bado unafunguliwa na kufungwa kutoka juu, na mvua za El Niño za mwisho wa 2023 ziliwafurusha Wapokomo na Waorma kwa pamoja hadi kwenye nyanda za juu, wakalala kwenye mahema yaliyofuatana. Wachambuzi walikuwepo pia. Natumaini kuna aliyeandika mahema yalipangwa vipi, nani jirani wa nani, na nani aliamua.

Hukumu inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ukiifungua, usikimbilie mwisho. Anza na orodha ya wadaiwa, halafu uweke pembeni ripoti yoyote ya mwaka ule, uone ni wangapi kati yao wametajwa humo.